Sigara ya kutupa, betri isiyo ya kutupa

Barabara ya Itigi kwenda Mbeya inapita Rungwa, pembezoni mwa pori la akiba lenye jina hilohilo. Magari ya safari ndefu yanapita hapo, na kama ilivyo kwenye barabara zetu nyingi, kilichoisha kazi garini hurushwa dirishani. Leo ni chupa ya maji, kesho inaweza kuwa sigara ya kielektroniki. Mtoto akiokota kile kibomba cha rangi atataka kujua ndani kuna nini. Swali zuri! Tulijibu hapa, ili asikipasue mwenyewe.

Ndani hakuna moto wala tumbaku inayoungua. Kuna pamba iliyolowa kimiminika, mara nyingi chenye nikotini, waya mwembamba uliosokotwa, kihisi kidogo cha hewa, na betri. Mtu akivuta, kihisi kinahisi mabadiliko ya hewa na kufungulia umeme. Waya unapata joto, kimiminika kinageuka mvuke. Akiacha kuvuta, umeme unakatika.

Sasa tuje kwenye betri yenyewe. Sigara nyingi ndogo za kutumia mara moja hubeba betri ya takriban mAh 550. Betri ya simu janja ya kawaida ina mAh 5000, kwa hiyo hii ni kama sehemu moja ya tisa yake. Usiidharau. Zidisha 550 kwa volti 3.7 unapata kama wati-saa 2, umeme wa kutosha kuwasha taa ya LED ya wati 1 kwa karibu saa mbili.

Ukiichungulia maabara, betri hii imekunjwa kama mkeka. Kuna karatasi ya shaba iliyopakwa grafiti, na karatasi ya alumini iliyopakwa oksidi yenye lithiamu. Katikati yake kuna utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele, na vyote vimelowa kimiminika kinachoshika moto. Unapochaji, ioni za lithiamu huhamia kwenye grafiti. Unapotumia, zinarudi zilikotoka, huku elektroni zikipita nje kwenye waya na kufanya kazi. Ni teknolojia ileile ya simu yako, ambayo Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Umeona ajabu yake? Safari ya ioni ni ya kwenda na kurudi, maana yake betri hii inachajika. Mwaka 2023 watafiti wa vyuo vikuu vya University College London na Oxford walizitoa betri kwenye sigara za kutupa na kuzipima. Walikuta zinaweza kuchajiwa na kutumika mara mamia, zaidi ya 450, bila kuchoka sana. Kwa hiyo kinachokufa ni kile kimiminika. Betri inatupwa ikiwa bado nzima, kwa sababu tu mtengenezaji hakuweka tundu la chaji. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa sigara hizi za kutumia mara moja kuanzia Juni 1, 2025, na taka za betri zilikuwa miongoni mwa sababu.

Lakini uzima huohuo ndio hatari yenyewe. Wengi wetu tumekua na betri kavu za tochi na redio. Zikiisha, unazianika juani au unaziuma kidogo, na redio inapata sauti tena. Kwa betri ile ya zinki na kaboni, joto huchangamsha kemikali zilizobaki ndani, basi inasogeasogea siku moja mbili. Betri ya lithiamu haitaki mambo hayo. Ukiiuma au kuigonga, ule utando unatoboka, shaba na alumini vinakutana, inapiga shoti. Joto linapanda ghafla, kimiminika kinawaka, na moshi wake ni sumu. Ukiitupa kwenye shimo la taka linalochomwa, inaweza kulipuka na kurusha vipande. Kiangazi, majani yakiwa makavu kando ya pori, cheche moja inatosha.

Kosa jingine ni kuiunganisha moja kwa moja na mfumo wa sola wa volti 12. Chaja ya betri ya asidi, kama ile ya N70, inaweza kufika volti 14 na ushee. Seli moja ya lithiamu ya aina hii haipaswi kuzidi volti 4.2. Hapo hakuna kuchaji, ni kuwasha moto.

Basi ufanye nini ukiikuta? Usipasue, usianike, usichome. Ikiwa imevimba au ina joto, kaa mbali nayo. Ikiwa imetulia, iweke kwenye kopo lenye mchanga mkavu, mbali na watoto na jiko. Kama betri imeshatoka na nyaya zinaonekana, funga kila ncha kwa tepu ya umeme ili zisigusane. Ukitaka itumike tena kwenye tochi, mpelekee fundi mwenye saketi ya chaji ya lithiamu, ile inayokata umeme yenyewe betri ikijaa. Akikuambia ataiunga tu kwenye sola, mshukuru, chukua kopo lako uondoke nalo.