Somo la 12: Gurudumu Moja Lazunguka, la Pili Latulia

Juma lililopita tulijifunza kusoma maandishi yaliyo ubavuni mwa tairi. Leo twaendelea na motokaa, lakini twaingia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Somo letu ni difu. Wewe uliye darasani Kahama, Katoro au Mwadui, fuata maneno haya kwa kidole, kisha umsomee mwenzako.

1. JAMBO LENYEWE

Wengi wenu mmepanda zile gari ndogo za abiria tunazoziita michomoko. Nyingi kati yao, kama vile Toyota IST na Toyota Probox, huvutwa na magurudumu ya mbele.

Msimu wa mvua uliopita nilipanda gari ya namna hiyo kwenda kukagua darasa la kisomo nje ya mji wa Kahama. Tulishuka kutoka kwenye mwinuko wa mchanga, ule Wasukuma wauitao luseni, tukafika bondeni penye udongo mweusi wa mbuga. Gurudumu la kushoto likaingia topeni. La kulia lilibaki juu ya ardhi ngumu. Dereva akakanyaga mafuta. La kushoto likazunguka kwa kasi na kurusha matope. La kulia halikusogea hata kidogo. Ndani alikuwamo mama mwenye mtoto aliyeshikwa na homa. Mama yule alishuka, akambeba mwanawe mgongoni, akaenda kwa miguu mpaka zahanati. Ni mwendo wa saa mbili.

Siku chache baadaye fundi mmoja alimwambia dereva yule, "Nunua difu ya L.S.D., nawe hutakwama tena." Bei yake ilikuwa sawa na ng'ombe wake wawili wa kulimia. Dereva akaniuliza, "Mwalimu, niwauze?" Sikuweza kumjibu. Nilikwenda kuuliza na kusoma, na niliyojifunza ndiyo somo la leo.

2. KAZI YA DIFU

Simameni wawili, mshike fimbo ndefu, mmoja kila ncha. Sasa uzungukeni mti. Aliye nje atapiga hatua nyingi kuliko aliye ndani. Ndivyo ilivyo kwa magurudumu mawili ya gari inapokata kona. Ikiwa kati ya gurudumu la kushoto na la kulia pana mita 1.4, basi gari ikizunguka duara moja zima, gurudumu la nje litakwenda kiasi cha mita 8.8 zaidi ya lile la ndani.

Kama magurudumu hayo yangefungwa pamoja kwa chuma kimoja, moja lingelazimika kuburuzwa. Tairi zingelika upesi na usukani ungekuwa mgumu. Kwa hiyo katikati pamewekwa difu. Difu ni kikundi cha meno ya chuma ambacho hupeleka nguvu kwenye magurudumu mawili, na huku huruhusu kila moja kwenda kwa mwendo wake.

3. KWA NINI GARI HUKWAMA

Fikiri juu ya nira ya ng'ombe wawili wanaokokota plau. Mnyororo umefungwa katikati ya nira. Ng'ombe mmoja akiregea, nira hupinduka upande, na mwenzake, hata akiwa na nguvu namna gani, hawezi kuvuta plau peke yake.

Difu ya kawaida ni kama nira hiyo. Hugawa nguvu sawasawa kulia na kushoto. Gurudumu lililo katika tope halihitaji nguvu nyingi ili kuzunguka. Basi lile lililo juu ya ardhi ngumu nalo hupewa nguvu ndogo kama hiyo tu, nayo haitoshi kuisogeza gari. Gurudumu dhaifu ndilo linaloamua.

Jambo la hatari ni hili. Gari ikiwa imesimama topeni na mshale wa mwendo waonyesha 40, gurudumu linaloteleza lazunguka kwa mwendo wa 80, kwa sababu lile la pili ni sifuri. Ukiendelea kukanyaga mafuta, meno madogo ya difu hupata moto na kuharibika, na tairi yaweza kupasuka. Kwa hiyo gurudumu likianza kuzunguka bure, ondoa mguu mara moja.

4. DIFU YENYE KIZUIZI

L.S.D. ni difu ambayo ndani yake mna kizuizi. Gurudumu moja likitaka kukimbia peke yake, kizuizi hulishika na kupeleka nguvu zaidi kwa lile la pili. Katika miaka ya 1930 difu za namna hii zilitumiwa na magari ya mashindano ya Auto Union ya Ujerumani, ambayo yalikuwa na nguvu nyingi hata gurudumu moja likawa lateleza kila mara.

Ziko aina tatu za kukumbuka.

Ya kwanza ni ya sahani. Sahani nyembamba za chuma hubanwa pamoja na kusuguana, kama zile za klachi. Hushika kwa nguvu, lakini huchakaa, huhitaji oili yake maalum, na katika gari inayovutwa na magurudumu ya mbele hufanya usukani uwe mzito na kuvutavuta.

Ya pili ni ya meno. Haina sahani. Meno yake yaliyokatwa mshazari hujibana yenyewe nguvu ikizidi. Hufanya kazi kwa upole na hudumu, kwa hiyo yafaa zaidi kwa magurudumu ya mbele. Upungufu wake ni huu: humpa mwenye nguvu mara 2 au 3 ya kile alichonacho dhaifu. Kama gurudumu moja liko hewani kabisa, dhaifu ana sifuri, na mara 3 ya sifuri ni sifuri. Hapo dereva hukanyaga breki ya mguu kidogo huku akitia mafuta taratibu, ili gurudumu lililo hewani nalo lipate kushikwa. Breki ya mkono haisaidii, maana katika gari nyingi hushika magurudumu ya nyuma.

Ya tatu ni ya mafuta mazito yaliyofungiwa ndani. Ni pole sana, tena hulegea kwa umri. Kwa tope la mbuga haitoshi.

Mafundi wengine huchomelea difu ili magurudumu yote mawili yazunguke pamoja. Usikubali jambo hilo kwa magurudumu ya mbele. Gari itakuwa ngumu kukata kona, na ekseli zaweza kuvunjika.

5. KABLA YA KUNUNUA

Difu yenye kizuizi husaidia gurudumu moja likiwa topeni na la pili penye ardhi ngumu. Kama yote mawili yako topeni, yote mawili yatazunguka na kuchimba shimo. Na magurudumu ya mbele yakiteleza yote, usukani haushiki tena. Gari huteleza kuelekea mtaroni. Basi angalia kwanza tairi zenye mistari mirefu, koleo, na mbao mbili za kuweka chini ya magurudumu. Gharama yake ni ndogo kuliko difu. Ukishindwa kwa hayo, ndipo ufikiri juu ya difu, na hakikisha kuwa imetengenezwa kwa ajili ya giaboksi yako na kwamba meno ya ekseli yanalingana.

6. KUTAFUTA UBOVU

(a) Mlio wa "ka-ka-ka" wakati wa kukata kona. Mara nyingi si difu, ni sivi jointi ya ekseli. Tazama kama mpira unaoifunika umepasuka na grisi imetoka.

(b) Mvumo unaozidi kadiri mwendo unavyozidi. Huenda ni beringi, ya gurudumu au ya difu. Ukiyumbisha gari kidogo kushoto na kulia na mvumo ukabadilika, anza na beringi ya gurudumu.

(c) Gari yenye difu ya sahani hutetemeka ikikata kona polepole. Angalia oili. Katika gari nyingi za namna hii difu na giaboksi hutumia oili moja, kwa hiyo fuata kitabu cha gari. Usimimine oili yoyote tu.

(d) Usukani wavuta upande unapotia mafuta. Linganisha tairi mbili za mbele: upana, upepo na uchakavu. Tairi zisizolingana huifanyisha difu kazi mchana kutwa.

(e) Umenunua difu ya sahani, na bado gurudumu moja lazunguka bure. Zima injini, weka gia huru, inua magurudumu yote mawili ya mbele juu ya vigingi imara, uzungushe moja kwa mkono. La pili likizunguka kinyume, sahani zimechakaa au umeuziwa difu ya kawaida. Likizunguka upande uleule, bado zabana. Difu ya meno haipimwi hivi, kwa maana hata ikiwa nzima la pili laweza kwenda kinyume.

HADHARI: Gari yenye difu hii usiiwashe na kutia gia wakati gurudumu moja liko juu ya jeki na la pili liko chini. Lile la chini litavuta, gari itaruka kutoka kwenye jeki, na aliye chini yake atapondwa.

7. MWISHO

Dereva yule alipokwisha kusikia haya, alinunua tairi mbili mpya, koleo na mbao. Siku hizi, akifika mbugani, huwashusha abiria kwanza na kukagua njia kwa miguu. Ng'ombe wake wawili wangali zizini, na msimu wa kulima ulipofika walifungwa nira.

MASWALI

1. Kwa nini gurudumu la nje huenda mbali zaidi katika kona?
2. Mshale waonyesha 30 na gari haisogei. Gurudumu linaloteleza lazunguka kwa mwendo gani?
3. Kwa magurudumu ya mbele, difu ya aina gani yafaa zaidi? Taja upungufu wake mmoja.
4. Andika sentensi tatu kumshauri jirani yako anayetaka kuuza mifugo ili anunue difu.