Kuumia kwa Bega: Kinga, Huduma ya Kwanza na Kupona

Mtihani wa kidato cha nne hufanyika mwezi Novemba. Kwa mtahiniwa wa Nachingwea au Ruangwa, huo pia ni msimu wa korosho. Nyumbani kuna kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika, kujaza magunia na kuyapeleka kwenye ghala la chama cha msingi. Gunia lililojaa huweza kufikia kilo 80, uzito unaozidi ule wa wanafunzi wengi. Mkono unaobeba gunia hilo ndio huohuo unaoshika kalamu. Kwa hiyo, isome mada hii kwa sababu mbili: ujibu swali vizuri, na uingie katika chumba cha mtihani ukiwa mzima.

1. Muundo wa bega

Begani hukutana mifupa mitatu: mfupa wa juu wa mkono, kombe la bega na mtulinga. Kichwa cha mfupa wa mkono ni cha mviringo, nacho hukaa katika kishimo kidogo kilichopo kwenye kombe la bega. Fikiria chungwa lililowekwa juu ya kisahani. Linganisha na nyonga, ambako kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya shimo lenye kina. Ndiyo maana mkono huweza kuzunguka pande nyingi kuliko mguu, lakini bega huteguka kwa urahisi zaidi kuliko nyonga.

Kinacholishikilia bega hasa ni misuli na kano zake, ikiwemo misuli minne midogo inayokizunguka kiungo hicho. Kumbuka hoja hii, kwa kuwa kinga na tiba zote hutokana nayo: bega dhaifu ni lile ambalo misuli yake ni dhaifu au imechoka.

2. Aina za kuumia

(a) Kuteguka. Kichwa cha mfupa hutoka katika kishimo chake, mara nyingi kwa kuelekea mbele. Hutokea mtu anapoanguka akiwa amenyoosha mkono, kwa mfano kipa anayeruka au abiria wa bodaboda.

(b) Kuvunjika kwa mtulinga. Husababishwa na kuangukia bega lenyewe, kama vile kuanguka kutoka juu ya mti au pikipiki.

(c) Kuvimba au kuchanika kwa kano. Huja taratibu kwa kurudia kazi moja bila kupumzika, kama kupiga mpira wa wavu au kuinua mizigo juu ya kichwa.

3. Kinga

Kwanza, gawanya mzigo. Safari mbili za nusu gunia ni salama kuliko safari moja ya gunia zima. Gunia zima libebwe na watu wawili au lipakiwe kwenye baiskeli au mkokoteni. Unapoinua, kunja magoti, weka mzigo karibu na mwili, kisha nyanyuka kwa nguvu za miguu. Usiurushe begani kwa mkono mmoja.

Pili, pasha misuli moto kwa dakika 10 kabla ya mchezo. Ukienda Uwanja wa Majaliwa, Ruangwa, kuitazama Namungo, fika mapema uone jinsi makipa wanavyojiandaa kabla ya filimbi.

Tatu, imarisha misuli. Funga kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye nguzo. Bana kiwiko ubavuni, kunja mkono, kisha vuta tyubu polepole kuelekea nje mara 10. Pumzika, rudia mizunguko mitatu. Fanya hivyo siku tatu kwa wiki.

4. Huduma ya kwanza

Kosa kubwa hufanyika hapa. Mchezaji akiteguka, wenzake humshika mkono na kuuvuta ili "urudi". Usifanye hivyo, wala usikubali ufanyiwe. Karibu na kwapa hupita mishipa mikubwa ya damu na ya fahamu. Kuvuta ovyo huweza kuijeruhi. Aidha, mfupa unaweza kuwa umevunjika, jambo ambalo huwezi kulijua kwa macho. Kukandwa kwa nguvu nako huongeza madhara.

Fanya yafuatayo:
– Acha mkono katika hali usiyoumia sana, kisha uutegemeze kwa kanga iliyofungwa shingoni.
– Weka barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15 hadi 20.
– Nenda hospitali siku hiyohiyo. Hospitali ya wilaya ipo Nachingwea mjini na Ruangwa mjini.
– Vidole vikiwa baridi, vimepauka au vimekufa ganzi, hiyo ni dharura. Usingoje hata saa moja.

5. Kupona

Maumivu kuisha si kupona. Bega likisharudishwa na mtaalamu, mkono hufungwa kwa muda atakaousema. Wakati huo chezesha vidole na kifundo cha mkono ili visikakamae. Baadaye huanza mazoezi mepesi ya kuning'iniza na kuyumbisha mkono, kisha kuinua, na mwisho kuimarisha misuli. Michezo ya kugongana na mizigo mizito husubiri takriban miezi mitatu. Vijana walio chini ya miaka 20 ndio hutegukwa tena kwa wingi, hasa wanaporudi uwanjani mapema.

Ukiumia mkono wa kuandikia karibu na mtihani, usijifiche. Mwarifu mkuu wa shule mara moja na umpelekee cheti cha hospitali, kwa kuwa yeye ndiye anayewasiliana na Baraza la Mitihani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga? Toa hoja mbili.
2. Mwenzako ameanguka kutoka kwenye bodaboda na hawezi kuinua mkono. Eleza hatua nne utakazochukua, na jambo moja utakalowakataza walio karibu. Toa sababu.
3. "Haniumi tena, kwa hiyo nimepona." Jadili kauli hii.

Dokezo: katika swali la 2, mtahiniwa anayetaja katazo bila sababu hupoteza alama. Taja mishipa ya damu na ya fahamu.