Kabla ya karo na rangi, tugonge ukuta

Zamu ya likelemba ikitufikia, wengi wetu tunawaza jikoni: karo nyeupe nyuma ya mahali pa kupikia, na rangi mpya. Ni wazo zuri, maana karo inapanguswa kwa kitambaa na masizi yanatoka. Lakini karo inashikwa na ukuta. Ukuta ukiwa mbovu, karo itaanguka pamoja nao, na franka zetu pia.

Kabla fundi hajaanza, tugonge ukuta wote kwa mpini wa kisu. Penye sauti nzito ni pazima. Penye sauti ya debe tupu, simenti ya zamani imekwisha kuachana na tofali, na inafaa itolewe yote. Fundi atasema, "Mama, karo itafunika." Itafunika macho tu.

Tuulize pia maji yanatoka wapi. Bukavu, nyumba nyingi zimechimbiwa kwenye mteremko, na ukuta wa nyuma unakunywa maji ya mlima. Tukiona unga mweupe ukutani na rangi inabanduka upande wa chini, tuchimbe kwanza mfereji nyuma ya nyumba. Bila hivyo tutapaka kila mwaka.

Nyufa zipanuliwe kwa patasi, vumbi litoke. Mafuta na masizi yasuguliwe kwa sabuni na maji, maana simenti haishiki mafuta, na masizi yatatokea tena katika rangi. Kisha ukuta uloweshwe kidogo. Tofali kavu linanyonya maji ya simenti kabla haijashika.

Karai moja ya simenti kwa makarai manne ya mchanga safi. Hapa, mama, usiende sokoni. Simama uhesabu, kwa sababu makarai manne yanaweza kuwa saba, na nusu ya mfuko ikapotea njia. Mchanganyiko uliokaa zaidi ya saa mbili usiongezewe maji, umekwisha kufa. Shimo refu lijazwe leo, likauke, kesho ndipo ukuta wote upakwe, unene usipite sentimita moja na nusu.

Wenye nyumba za matofali mabichi, simenti ngumu haipatani na udongo: inapasuka na kudondoka vipande vipande. Afadhali udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwakatwa, kisha chokaa juu. Karo tuziache.

Baada ya kupaka, ukuta unyunyiziwe maji asubuhi na jioni, siku tatu au zaidi. Kazi hii watoto wanaipenda. Rangi ingoje kama wiki nne, kwa sababu simenti mbichi inaichoma. Siku hizo mbabula ikae nje.

Karo zinunuliwe mwisho kabisa. Zikiwa tayari ndani ya nyumba, kila mtu atatusukuma tuzibandike kabla ukuta haujakauka.