Fungu la Chombo: Uchumi wa Kukarabati Vyombo vya Uvuvi vya Mbao Mwambaoni

Ukarabati wa vyombo vya uvuvi vya mbao, yaani kazi ya kukipandisha pwani chombo kilichochakaa, kukibadilisha viungo vilivyooza na kukishua tena baharini, ni biashara inayowalisha mafundi, wauza mbao na washona matanga kuanzia Kizingitini na Matondoni katika visiwa vya Lamu, kupitia Nungwi huko Unguja na Jibondo karibu na Mafia, hadi Kilwa Kivinje upande wa kusini. Hata hivyo, biashara hiyo haionekani kwa urahisi katika hesabu za sekta ya uvuvi, ambazo hupima idadi ya vyombo, uzito wa samaki na leseni zilizolipiwa. Mashua iliyobadilishwa mbao kadhaa ubavuni na kurudi kazini huandikwa kuwa mashua moja, kama ilivyoandikwa mwaka uliotangulia, na kazi iliyoiwezesha kuendelea kuwapo haipewi safu yake daftarini. Upungufu huo ni mzito, kwa kuwa sehemu kubwa ya mtaji wa wavuvi wadogo imekaa ndani ya mbao kuukuu.

Chombo cha mbao hakichakai kwa njia moja. Chini ya mstari wa maji, adui mkubwa ni kiumbe wa jamii ya kombe mwenye umbo la mnyoo, ambaye huingia ubaoni akiwa mchanga na kuacha tundu dogo mno, kisha hukua ndani kwa ndani akifuata nyuzi za mti, hata ubao unaoonekana mzima kwa nje ukawa mtupu ndani. Juu ya mstari huo huozesha mvua ya masika, kwa sababu maji ya chumvi huzihifadhi mbao kwa kiasi fulani, ilhali maji ya mvua yanayotuama kwenye maungio huzalisha kuvu. Misumari nayo, hata ile iliyopakwa zinki, huliwa na kutu mpaka ubao ukalegea kwenye taruma, yaani kiungo kilichopinda kama ubavu ambacho mbao za nje hupigiliwa juu yake. Kwa hiyo fundi anayeitwa kukagua chombo huanza kwa kugonga na kusikiliza, kwani mti mzima huitika na uliooza hutoa sauti ya kufifia. Na uamuzi wote wa kiuchumi hutegemea jibu la mkuku, ule mti mrefu wa chini unaobeba chombo kutoka omo hadi tezi. Mkuku ukiwa mzima, mataruma na mbao zinaweza kubadilishwa moja baada ya nyingine kwa miaka mingi. Ukiwa umekufa, gharama ya kuutoa hukaribia ile ya kuunda chombo kipya, na mwenye mali hushauriwa auze misumari na kuni.

Kazi yenyewe hufuata mpango uliozoeleka. Mwani na kome waliogandamana hukwanguliwa, kisha sehemu ya chini hupitishiwa moto wa makuti, upesi na kwa uangalifu, ili joto liwaue viumbe walio ndani ya mbao bila kuziunguza mbao zenyewe. Mbao mbovu hutolewa, mpya huchongwa kwa tezo na kutobolewa kwa keekee kabla ya kupigiliwa, maana msumari ukitangulia bila tundu huupasua ubao. Hatua inayofuata ni kukalafati, yaani kushindilia pamba iliyolowekwa mafuta katika kila mwanya baina ya mbao, na ya mwisho ni kupaka deheni, mchanganyiko wa chokaa na mafuta au shahamu unaozuia maji na kuwakinza wale viumbe wa chini. Zamani mafuta yaliyotumika kuulinda mti yalikuwa ni sifa, yanayopatikana kwa kuyeyusha maini ya papa.

Jambo ambalo mhasibu wa mjini angelishindwa kulikadiria ni kalenda ya bahari. Katika sehemu kubwa ya mwambao huu hakuna chelezo wala mtambo wa kunyanyulia, bali maji yenyewe ndiyo yanayopandisha na kuteremsha vyombo. Wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa zinazokuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya kujaa na kupwa huko Unguja hufikia takriban mita 4, na hapo ndipo chombo kizito huweza kuelezwa hadi juu ya ufuo. Maji mafu yakifika, chombo hubaki kimekaa pakavu, na ikiwa kazi haikumalizika kabla ya bamvua linalofuata, mwenye chombo hana budi kungoja takriban wiki mbili nyingine. Ucheleweshaji wa siku moja, kwa sababu ya mbao zilizokwama njiani au malipo ya awali yasiyotimia, huweza hivyo kugharimu nusu mwezi wa mapato. Ndiyo sababu matengenezo makubwa huelekezwa kwenye miezi ya kusi kali, hasa kati ya Juni na Agosti, wakati ambapo vyombo vidogo vingi hushindwa kuvuka miamba, ili vishuliwe bahari inapotulia.

Fedha za kazi hiyo zinatakiwa zitoke katika mgao. Kwa desturi iliyoenea, mauzo ya samaki huondolewa kwanza gharama za safari, kama vile mafuta, barafu na chambo, kisha kinachobaki hugawanywa mafungu: ya nahodha na mabaharia, ya nyavu, na fungu la chombo, ambalo humwendea mwenye mali. Likitazamwa kwa lugha ya uchumi, fungu hilo limebeba mambo mawili yasiyofanana: faida ya mwenye mtaji, na akiba ya uchakavu, yaani fedha zinazopaswa kuwekwa kwa sababu kila safari hukipunguza chombo uhai. Desturi haikuyatenganisha mambo hayo, na katika nyumba yenye ada za shule na ugonjwa akiba huliwa pamoja na faida. Chombo kinapoanza kuvuja, mwenyewe hukopa kwa mnunuzi wa samaki, ambaye badala ya riba hudai auziwe samaki kwa bei anayoipanga yeye, na deni la mbao hugeuka kuwa punguzo la bei kwa misimu kadhaa. Benki nazo huona ugumu kukipokea chombo cha mbao kuwa dhamana, hasa kisipokuwa na bima, ingawa chombo chenye mkuku mzima ni mali inayozalisha kila siku ya bahari shwari.

Kikwazo kikubwa zaidi ni miti. Soko la kawaida huuza mbao zilizonyooka, ilhali fundi wa vyombo hutafuta mti uliopinda kwa asili, kwa kuwa taruma lililokatwa kutoka ubao ulionyooka hukatwa pia nyuzi zake na kuvunjika kwa wimbi. Matawi ya mtondoo, mwembe mzee na baadhi ya mikoko ndiyo yaliyotoa maumbo hayo tangu zamani. Leo mikoko ya Tanzania Bara ni misitu ya hifadhi, uvunaji mwingine unahitaji leseni chini ya Sheria ya Misitu Na. 14 ya 2002, na nchini Kenya zuio la ukataji miti lililotangazwa Februari 2018 liliwagusa moja kwa moja mafundi wa Lamu. Ulinzi huo ni wa haki, kwani mikoko ndiyo kitalu cha samaki wanaofuatwa na vyombo hivyo; kasoro iko katika kutomtofautisha fundi anayehitaji matawi machache yaliyopinda na mfanyabiashara anayesomba shehena, tofauti ambayo mgawo mdogo wa leseni maalumu ungeliweza kuitambua.

Boti za faiba, zilizoundwa kwa nyuzi za kioo na gundi ngumu, hazioti kuvu wala haziliwi na viumbe wa baharini, na serikali za mwambao zimekuwa zikizielekeza kwa wavuvi kwa mikopo na ruzuku. Ubora wake haukanushiki, lakini zikipasuka huhitaji gundi ya dukani na ujuzi usiopatikana katika kila kijiji. Mafundi wa mbao, kwa upande wao, wamekwisha kuonyesha kwamba ujuzi wao si mfungwa wa mti, kwani jahazi la Flipflopi, lenye urefu wa takriban mita 9 na lililoshuliwa Lamu mwaka 2018, liliundwa kwa plastiki iliyookotwa, kwa mikono na vipimo vilevile vya majahazi ya mbao.

Siku ya kushua, magogo hutandazwa chini ya mkuku, watu hukusanyika wakisubiri maji yafike kimo chake, na chombo husukumwa kwa pamoja. Mbao zilizokauka ufuoni kwa wiki kadhaa huwa zimesinyaa, hivyo maji huingia kwenye ngama, sehemu ya chini kabisa ya ndani, na mabaharia huyafua kwa zamu, usiku na mchana, mpaka mti unywe maji ya kutosha, uvimbe na kuibana pamba kwenye mianya. Siku hizo hazina samaki wala mgao, na ujira wake hutoka katika fungu la chombo.