Vumbi la kazi lisilale na mutoto

Kiangazi kikiingia, kuanzia mwezi wa tano, huku Kolwezi, Likasi na Lubumbashi vumbi linaingia kila nyumba. Mchana mutoto wa miaka miwili anacheza vizuri. Busiku njo inaanza: chafya, pua kuziba, kujikuna, kikohozi kikavu mpaka asubuhi. Mama halali, na baba anaenda posti akiwa amechoka.

Wengi wanasema ni baridi tu. Kama mutoto iko na homa, kwanza apimwe malaria. Lakini kama hana homa, na shida inarudi kila busiku kwenye kitanda kile kile, mara nyingi ni aleji: mwili unakataa kitu anachovuta. Kinaweza kuwa vumbi la matandiko, vidudu visivyoonekana vya ndani ya godoro, ao uchafu wa mende. Moshi wa makala na wa dawa ya mbu ya kuchoma unazidisha.

Kumusaidia hakuombi feza nyingi. Anikeni godoro na bulangeti juani. Fueni mashuka na maji ya moto kila juma. Pangusa chini na kitambaa chenye maji. Usifagie mutoto akiwa ndani. Mbabula ibaki inje, maana ndani ya chumba cha kulala inaweza hata kuua. Chandarua ichukue nafasi ya dawa ya kuchoma. Dawa ya kikohozi ya watu wakubwa, ao ile ya kulaza, musimupe bila munganga. Akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, ao midomo ikibadilika rangi, ni hopitali busiku ule ule.

Kisha kuna salopeti yetu. Mwaka 2018, watafiti wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha kwamba mutaa wa Kasulo, Kolwezi, vumbi la ndani ya nyumba lilikuwa na kobalti nyingi, na watoto njo waliokutwa nayo zaidi mwilini. Hatusemi kila chafya inatoka kwa mugodi. Tunasema salopeti na viatu vibaki mulangoni, na visifuliwe pamoja na nguo za mutoto.

Lakini mama mumoja na beseni lake hawezi kushinda vumbi la mugodi muzima. Njo maana sisi wa sendika tunadai bafu, chumba cha kubadilisha nguo, salopeti zifuliwe kazini, na barabara za malori zinyunyiziwe maji. Wandugu, kwenye komite ya usalama na usafi musiulize kofia na viatu tu. Muulize pia salopeti inalala wapi.