Wakulima Waliochagua Mpaka wa Nchi Yao

Watu wengi hudhani kwamba wenye lugha moja lazima watake bendera moja. Mambo yaliyotokea mwaka wa 1920 katika jimbo la Carinthia, kusini mwa Austria, yaonyesha kuwa si hivyo sikuzote.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha mwaka wa 1918, dola ya Austria na Hungaria ilivunjika. Nchi mpya jirani, ambayo baadaye iliitwa Yugoslavia, ikadai sehemu ya kusini ya Carinthia. Hoja yake ilikuwa kwamba wakazi wengi wa huko ni Waslovenia, ndugu wa Waslovenia wa upande wake. Austria ikakataa. Watu wakapigana na damu ikamwagika, hata mkataba wa amani wa mwaka wa 1919 ulipoamuru kwamba wenyeji waulizwe wenyewe.

Zaidi ya theluthi mbili ya watu wa sehemu hiyo walisema Kislovenia. Kura ilipigwa tarehe 10 Oktoba 1920, wanaume kwa wanawake. Kila mtu alipewa karatasi mbili, ya kijani kwa Austria na nyeupe kwa Yugoslavia, akatakiwa kuirarua ile asiyoitaka. Kura zilipohesabiwa, 22,025 zilikuwa za Austria na 15,279 za Yugoslavia. Ni dhahiri kwamba maelfu ya Waslovenia hawakuifuata nchi ya ndugu zao wa lugha.

Kwa nini? Mkulima wa huko aliuza mazao yake katika mji wa Klagenfurt, ulio kaskazini. Upande wa kusini milima mirefu ya Karawanken ilimzibia njia. Tena alikuwa amekaa miaka mingi katika jimbo moja na jirani wasemao Kijerumani, naye akajihesabu kuwa mtu wa Carinthia kwanza. Hali kadhalika, siku chache kabla ya kura, wakuu wa jimbo waliahidi kwamba lugha yake italindwa.

Basi mpaka ukawekwa milimani, na leo ndio mpaka wa Austria na Slovenia. Lakini ahadi ile haikutimizwa. Mwaka wa 1942 serikali ya Hitler ilizifukuza familia nyingi za Waslovenia kutoka mashambani mwao. Mkataba wa mwaka wa 1955 uliwathibitishia haki zao. Hata hivyo, mwaka wa 1972 watu wenye hasira waling'oa vibao vya vijiji vilivyoandikwa kwa lugha mbili. Mapatano juu ya vibao hivyo, katika mahali 164, yalipatikana mwaka wa 2011.

Kura ya siku moja yaweza kuonyesha mpaka upite wapi. Lakini waliochagua kukaa walikaa kwa kuamini neno walilopewa. Ahadi ni deni, na deni hili lilidaiwa zaidi ya miaka 90.