Askari na Mwanajeshi

Siku moja baada ya sala ya Alasiri, hapa kwetu Msamvu, alinijia chuoni mama mmoja akilia. Ameletewa khabari kuwa mwanawe kashikwa na wanajeshi kwenye stendi ya mabasi. Nilifuatana naye mbio, tukamkuta kijana kasimamishwa na askari mlinzi wa stendi kwa kupita mlango usiokuwa wake. Kabla Magharibi haijaadhiniwa alikuwa amekwisha rudi kwao. Neno moja tu lilitosha kumliza mzazi.

Maneno haya mawili ni jamaa, lakini si pacha. Yote mawili yametoka katika Kiarabu: askar ni kundi la watu wa vita, na jaysh ni jeshi, ambalo shina lake lina maana ya kuchemka na kufurika kama maji motoni. Katika Qurani hamna hata moja katika hayo. Humo neno ni jund, na wingi wake ni junud. Ndilo lililotumika katika Suratin-Naml kwa majeshi ya Nabii Suleiman, pale mdudu chungu alipowaonya wenziwe waingie majumbani mwao.

Katika Kiswahili kila neno limeshika njia yake. Askari si kundi tena, bali ni mtu mmoja. Hilo ndilo jina walilokuwa nalo Wasudani aliowaleta Wissmann kutoka Misri mwaka 1889 kuwapiga watu wa pwani, na ndilo jina la sanamu ya Dar es Salaam iliyosimamishwa mwaka 1927. Leo limekuwa pana: askari polisi, askari magereza, askari wanyamapori wa Mikumi, hata mlinzi wa duka.

Mwanajeshi ni neno jembamba. Huyo ni mtu wa jeshi la vita, kama Jeshi letu la Wananchi lililoundwa tarehe 1 Septemba 1964, baada ya maasi ya Januari mwaka ule. Polisi nao huitwa Jeshi la Polisi, lakini mtu wao haitwi mwanajeshi. Basi kila mwanajeshi ni askari, wala si kila askari ni mwanajeshi.

Enyi vijana, Suratul-Hujurat imetuamrisha kuipeleleza khabari kabla ya kuitenda, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na kuipeleleza khabari huanza kwa kulitaja kila jambo kwa jina lake. Mwenye kupeleka khabari kachukua amana. Naye asiipokee wala asiifikishe ila kama ilivyo.